Taa Ilishakuwa Kijani

Kabla sijafungua Neno, nina swali. Zile simu nne pale nyuma, kwenye soketi iliyo karibu na ngoma za kwaya, ni za nani? Msiinamishe vichwa. Nimepita nikaziangalia. Tatu zimejaa pomoni, na hakuna aliyenyanyuka kuzichomoa. Haya, ziacheni hapo hapo. Tutazirudia.

Palikuwa na mtumishi mmoja wa Mungu, mchungaji kama mimi. Jina lake silitaji, na ninyi msianze kukisia. Alikuwa ametoka nchi ya mbali kwenye semina, anarudi nyumbani kwa ndege. Kule semina alipigiwa simu na wazee wa usharika wake mpya, ambao alikuwa ameutumikia miezi mitatu tu. Wakamwambia, "Mchungaji, tuna msiba. Muumini wetu amefariki hospitalini huko nje alikokwenda kutibiwa kabla hujaja kwetu. Mwili unaletwa, na keshokutwa tunazika. Ila tunakuomba jambo moja. Marehemu na kaka yake hawasemeshani mwaka wa kumi na moja huu. Tafuta neno la kuipatanisha familia hii."

Akasema, "Hilo niachieni mimi."

Basi kesho yake asubuhi akapanda ndege na laptopu yake, aandike mahubiri. Ndege ilikuwa imejaa. Upande aliokaa viti vilikuwa viwili viwili, na katikati ya viti viwili pana soketi moja tu. Sasa ninyi mnatujua sisi watu wa mgao wa umeme. Umeme ukirudi, nyumba nzima inapiga kelele, na kabla kelele hazijaisha kila tundu lina waya. Huulizi kama simu ina njaa au imeshiba, unachomeka tu, kwa sababu hujui TANESCO wana mpango gani na wewe. Mchungaji huyu tabia hiyo alisafiri nayo mpaka angani. Alikuwa na ekstensheni yake kwenye begi! Akaitoa, akaichomeka, akaweka laptopu, akaweka simu, akaweka pawabenki. Matundu matatu yote yakajaa. Akavaa hedifoni, akaanza kuandika.

Mnacheka. Mna haki, maana wengine mnayo ekstensheni ndani ya mkoba sasa hivi.

Pembeni yake alikaa mama mmoja wa makamo, kitenge kimefunika mabega, hana neno. Magotini ameshika laptopu nzee, kifuniko kimepasuka kona, na juu ya laptopu kuna daftari jipya na kalamu. Laptopu ile betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Ukiichomoa tu, inazima palepale. Ndege ilipotulia hewani, mama akamgusa yule mchungaji bega taratibu.

"Baba, samahani sana. Naomba nichomeke kidogo. Nina jambo la kunakili humu, nina..."

Mchungaji akainua hedifoni upande mmoja. "Mama, kila mtu kwenye ndege hii ana jambo. Mimi hapa ninafanya kazi ya Mungu. Nivumilie kidogo, nikimaliza nitakuita."

"Sawa, baba."

Akarudisha hedifoni sikioni. Mama akafungua daftari, akauangalia ukurasa mweupe, akalifunga.

Ikapita saa nzima, ikapita ya pili. Waya wa laptopu ya mchungaji ulikuwa na kitaa chekundu kinachoonyesha kwamba inakula chaji. Kitaa kile kikageuka kijani. Mnajua maana ya kijani. Maana yake nimeshiba, asante, sihitaji tena. Mama alikiona. Na mchungaji alikiona pia, ndugu zangu, msije mkamtetea kwamba hakukiona.

Mama akamgusa tena. "Baba, naona yako imekuwa kijani."

Akajibu bila kugeuka, "Mama, ukichomoa inashuka."

Ukichomoa inashuka! Jamani, mtu aliyeshiba anaogopa kuinuka mezani asije akaona njaa kesho. Na wakati huo alikuwa anaandika nini? Alikuwa anaandika neno la upatanisho. Ameandika, amefuta, ameandika tena. Akamwomba Mungu ampe neno, lakini maneno yalikataa kuja. Alikuwa hamjui marehemu, hamjui kaka yake, hajui walikosana kwa nini. Akawa anajaza kurasa kwa maneno ya kila msiba: alikuwa mtu wa watu, alipenda kanisa, pengo lake halizibiki.

Mbona yule mama hakumwita mhudumu? Mbona hakupaza sauti? Ndugu yangu, wewe hujawahi kufiwa. Mtu aliyelia siku tatu hana nguvu ya kugombania tundu la umeme. Aliambiwa asubiri, akasubiri.

Saa ya tano, sauti ikatoka juu ya vichwa vyao. Mhudumu akasema, "Ndugu abiria, tunaanza kushuka. Mnaombwa kufunga mikanda na kuweka vifaa vyenu. Umeme wa kwenye viti unazimwa sasa."

Hapo ndipo mchungaji akavua hedifoni, akajinyoosha, akakunja nyaya zake moja moja. Akamgeukia mama kwa tabasamu. "Haya mama, nimemaliza. Chomeka sasa."

Na mama akachomeka, maskini. Akabonyeza mara moja, akabonyeza mara ya pili. Kioo kikabaki cheusi. Akasema, "Asante, baba," akafunika laptopu, akaikumbatia mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Wakaagana uwanjani kama watu wasiojuana. Mchungaji akaingia gari lililotumwa kumpokea, akatangulia. Mama akaelekea kule mizigo inakotolewa, na huko alikaa sana.

Kesho yake ilikuwa siku ya mazishi. Kijijini transfoma ilikuwa imeungua tangu wiki ya nyuma, hakuna nyumba yenye umeme. Jenereta lililokodiwa kwa ajili ya spika lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Mchungaji akafika amevaa joho lake, laptopu kwapani, imejaa chaji mia kwa mia. Akasalimia wazee, akaingia ndani kumpa mjane pole. Na mjane, aliyekaa kwenye mkeka kando ya jeneza na daftari jipya magotini, alikuwa ni yule mama.

Mchungaji mkono wake ulibaki hewani. Mama akaupokea, akasema, "Karibu, baba."

Ikafika zamu ya mjane kusoma wasifu wa marehemu. Akasimama mbele ya watu, akafungua daftari, na ukurasa ulikuwa mweupe vilevile. Akasema, "Ndugu zangu, mume wangu alipasuliwa koo, sauti ikaenda. Wiki zake za mwisho alikuwa anaongea nasi kwa kuandika kwenye kompyuta hii. Kuna barua ameacha. Aliniandikia kwamba nisiifungue akiwa hai, na kwamba isomwe siku ya kumzika, maana ni ya kaka yake. Alipofariki nilikimbizana na vibali vya mwili siku mbili, sikupata kukaa. Nikasema nitainakili kwenye ndege. Sikujaliwa, na nimefika huku usiku, hakuna umeme."

Nyuma ya watu wote, kando ya migomba, alisimama mzee mmoja mwenye koti la kahawia. Ndiye kaka mtu. Kila mtu alijua ilivyomgharimu kuja. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akauliza, "Shemeji, amesema nini?"

"Sijui, shemeji. Yamo humu. Sijayasoma."

Akaitazama ile laptopu. "Miaka kumi na moja sijasikia neno kwa mdogo wangu. Leo nimekuja kusikia moja tu, naonyeshwa kitu kilichozimika?"

"Umeme ukirudi, shemeji, nitakusomea. Nakuomba subiri."

"Nimeshasubiri," akasema. Akavaa kofia yake, akageuka, akashuka njia ya migombani. Wazee wawili walimkimbilia, hakugeuka. Alikwenda bila kutupa udongo.

Kisha ukaitwa wakati wa mahubiri. Mchungaji akafungua laptopu yake. Kioo kikawaka vizuri kabisa. Neno la upatanisho lilikuwa pale, kurasa tisa, herufi kubwa zilizokolezwa. Na wa kupatanishwa mmoja yumo kwenye jeneza, mwingine yuko njiani anaondoka. Akasoma. Angefanya nini? Akasoma kurasa zote tisa, na sauti yake hakuipenda mwenyewe.

Baada ya kuzika alimfuata mjane nyuma ya nyumba. Akasema, "Mama, nisamehe. Lakini mbona hukuniambia umefiwa?"

Mama akamjibu bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Nilikuwa nakuambia, baba. Hukuniacha nimalize."

Siku ya tatu umeme ulirudi. Watoto wakapiga kelele kama kawaida. Mama akachomeka, kioo kikawaka, akaifungua barua mbele ya wazee. Ilikuwa fupi. Mgonjwa hana nguvu ya maneno mengi. Iliandikwa hivi: "Kaka, aliyekosa ni mimi. Sina haki ya kukuomba kitu, ila nakuomba hiki. Siku ya kunizika, udongo wa kwanza utupe wewe. Nikiusikia mkono wako nitalala."

Udongo wa kwanza, ndugu zangu. Na kaburi lilikuwa limeshafukiwa na kufunikwa maua siku tatu. Walimpigia simu yule kaka mara ngapi, hakupokea. Mpaka ninapozungumza nanyi hapokei.

Sasa nyamazeni kidogo.

Mimi sikuja kuwahubiria habari za ndege. Wengi wetu humu ndege tunaiona ikipita juu ya paa. Nataka kutuuliza sisi tuliokaa chini hapa. Yule mchungaji alikuwa mwizi? Alitukana? Alimpiga mtu? Alikuwa anafanya kazi ya Mungu, na kwa kazi hiyohiyo ya Mungu akaziba tundu lililokuwa limebeba jibu la maombi yake. Neno alilolitafuta kwa saa tano lilikuwa limekaa kwenye kiti cha pili, limeshikwa na mama mpole, linaomba umeme kidogo. Alimwomba Mungu ampe neno. Mungu akampa, akaliketisha naye bega kwa bega. Naye mchungaji akaliambia lisubiri.

Na sisi je? Tumeshiba vingapi ambavyo tungali tumevichomeka? Kuna mwenzetu humu ana uongozi wa jumuiya mwaka wa tisa, taa ilishakuwa kijani zamani, akiambiwa apishe anasema ukichomoa inashuka. Kuna anayeombewa kila ibada, kila ibada yuko mbele yeye, na nyuma yake kuna mtu hajawahi hata kuulizwa hali. Kuna baba anayesikilizwa nyumbani asubuhi mpaka jioni, na mkewe ana sentensi moja ameianza tangu mwaka juzi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Mimi naongeza kwamba tunawajua. Tumewaona. Wametugusa bega mara mbili.

Msiniambie mtafanya baadaye. Yule mchungaji naye alichomoa, tena kwa tabasamu, wakati umeme umeshazimwa. Kutoa kitu wakati hakifai tena si kutoa. Ni kusafisha mikono.

Basi sitamaliza kwa maombi marefu leo. Wenye zile simu nyuma, nendeni mkazichomoe. Pale pembeni ya mlango kuna mgeni ameingia na simu yake imezima tangu asubuhi, nimemwona anaibonyeza, sijui anangoja habari gani, nanyi hamjui. Waliobaki, kila mtu amgeukie aliye karibu naye. Muulize amekuja na nini moyoni leo. Kisha nyamaza, umwache amalize.