Sauti Tumboni mwa Zimwi

Nawaletea ngano, ipokeeni! Ukingoni mwa jangwa aliishi mjane wa Kiyahudi, Tirza. Desturi ya watu wake ni hii: mtu akifumbua macho asubuhi, kabla hajatia mguu chini, humshukuru Mungu kwa kumrudishia roho yake.

Zimwi moja likaapa kummeza siku atakayoamka bila kushukuru. Likaanza kwa kumeza mbuzi wake wote. Kulipokucha likachungulia dirishani. Tirza akafumbua macho: “Nakushukuru, Mfalme uliye hai, umenirudishia roho yangu.”

Likameza kisima. Kulipokucha, midomo imemkauka, Tirza akasema yale yale.

“Bibi wee!” zimwi likanguruma. “Mbuzi huna, maji huna. Unashukuru nini?”

“Jana nililia mpaka usingizi ukanichukua,” akajibu Tirza. “Leo nimeamka, na sikujiamsha mimi.”

Kwa hasira zimwi likaimeza sauti ya Tirza.

Siku ya tatu kukapambazuka. Midomo ya Tirza ikacheza, kimya. Zimwi likacheka, likapanua kinywa limmeze. Lo! Tumboni mwake ikapanda sauti ya mwanamke: “Nakushukuru, Mfalme uliye hai, umenirudishia roho yangu.”

Nchi ikatetemeka. Mbuzi wakatoka wakilia, kisima kikatoka kikibubujika, sauti ikamrudia mwenyewe. Zimwi likapiga magoti, likanong’ona, “Mama, na roho yangu mimi, nani huirudisha kila asubuhi?”

Tirza akatia mguu chini, akachota maji, akanawa mikono kama wafanyavyo watu wake waamkapo.

“Yeye yule,” akasema. “Na leo kinywa chako kimemshukuru.”