Majike Wanaonuka Uwatu

Mpaka leo sijui kama ni mbegu za uwatu zilizowanonesha wanakondoo wale, au ni mkono wa Mwanakheri tu. Tajiri Shekiondo alimpa awalee, nusu majike na nusu madume, wakikua wagawane sawa. Walipokua, akaja kuwataka wote.

“Wachukue, mzee wangu. Ila majike niliwalisha uwatu, harufu imeingia mpaka nyamani.”

Tajiri alimnusa mmoja, akakunja pua. “Ananuka kama mzazi wa juzi anayenyweshwa uji wa uwatu. Na madume?”

“Hawanuki. Hao niachie mimi, kwa huruma yako.”

“Huruma gani? Tulisema nusu kwa nusu. Nusu yako ni majike.”

Wote walikuwa wamekula uwatu kwenye pumba. Majike walipakwa maji yake manyoyani asubuhi ile. Lakini ilishaamuliwa hivyo, na tajiri mwenyewe akawaswaga madume hadi kwake, akimwachia Mwanakheri kondoo wa kuzaa.