Mia na Ishirini ya Nini?

"Mia na ishirini ya nini?" Kobe aliuliza mkutanoni, akaambiwa anyamaze.

Mniwie radhi, nimetanguliza hasira kabla ya salamu. Haya, niwashe hadithi?

Washa.

Ikizima?

Tutasukuma.

Basi ulikuwa mwaka wa ukame. Maji yalibaki kwenye bwawa moja tu, nyuma ya kilima. Kiboko akasimama akasema, "Kesho tushindane kwa magari. Atakayetangulia kufika, bwawa ni lake mpaka aseme basi." Na Kiboko, tangu azaliwe, hajawahi kusema basi.

Digidigi alikuwa na watoto wawili, ndimi zimewakauka. Akachungulia injini ya Kiboko. Kibandiko kilisema kilowati mia. Cha kwake kilisema nguvu za farasi mia na ishirini. Akawaza kidogo, kisha akapaza sauti.

"Pole, mjomba. Wewe una mia tu. Mimi nina mia na ishirini."

Hapo ndipo Kobe alipouliza swali lake.

"Kimya, wewe," Kiboko akanguruma. "Namba ni namba. Digidigi, leta injini yako, chukua yangu."

"Mia itanifikisha kweli, mjomba?"

"Wewe una uzito gani? Leta."

Mpaka leo nimeshika mdomo. Mkutano mzima, wenye masikio ya tembo na shingo za twiga, na kibandiko kinasomeka, hakuna aliyeinama kukisoma. Kilowati moja ni farasi mmoja na theluthi. Zidisha mara mia mwenyewe.

Kiboko akang'oa injini kwa taya, ng'wafu, akabadilisha. Asubuhi, Digidigi vruuum, kilima kikaisha. Kiboko kho, kho, kho, kilima kikamkataa.

Kiboko alipofika hatimaye, jua limeshapanda. Watoto wa Digidigi wamo majini hadi magoti, na wanyama wote waliodandia gari lake wanakunywa.

"Sema basi," Kiboko akasema.

"Bado, mjomba."

Adhuhuri ikafika. "Mwanangu, sema basi."

"Bado, mjomba."

Funzo ni hili: mkubwa akisema namba ni namba, usiulize ya nini. Gari la Digidigi lilijaa wasiouliza. Kobe aliyeuliza hakuachiwa nafasi, na bado yuko njiani kwa miguu.

Nimezima, ufunguo huu hapa. Ukipita kilimani ukamkuta, tafadhali mpakie.