Harikeni ya Bawa la Ufizi

Hapo zamani, ila si zamani ya mbali, maana mimi nilikuwepo na meno niliyokuwa nayo ndiyo haya haya, palikuwa na ndege moja na watu watatu walioiunda. Sogeeni karibu. Nahitaji akili zenu, yangu ilinishinda siku ileile.

Ndege yenyewe haikuwa ya kupanda. Ilikuwa mfano wa ile ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili ambayo Waingereza waliiita Harikeni, yaani tufani, na mabawa yake ukiyapima yalitoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Ilifika mjini Moshi ndani ya boksi, vipande vipande, na aliyeileta ni mimi. Nimesafiri sana, ndugu zangu. Nimepotea katika miji ambayo wengine hata hawajaisikia. Katika mmojawapo, kwenye gulio la mitumba, nikauziwa boksi hilo na bwana mmoja aliyenichekea kama mkwe wake. Nikajiona mjanja. Tulipolifungua nyumbani, bawa la kushoto halimo.

Tulikuwa na chama chetu kidogo cha waunda vindege, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria.

Basi wa kwanza alikuwa Mwalimu Mshana. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha fizikia. Alichukua boksi langu akakaa nalo barazani kwake, mvua za masika zikaja zikaenda, yeye yumo tu na kibano chake. Aliunda kiwiliwili. Aliunda injini ambayo hakuna atakayeiona, imefunikwa. Aliunda chumba cha rubani chenye saa ndogo kuliko punje ya mtama, na kiti chenye mikanda aliyoikata kwenye utepe wa zawadi. Ukimuuliza mbona anajitesa, anakujibu, "Nimefundisha maisha yangu yote namna ndege inavyoruka. Wanafunzi wangu wamepanda. Mimi sijawahi hata kuigusa."

Je, ikawa ndege? Haikuwa. Kunguru mwenye bawa moja haruki.

Akaja wa pili, Aikande Kiwelu, fundi wa meno bandia. Mawili ya mbele hapa kwangu ni kazi yake, na kama nacheka ovyo mjue natangaza biashara yake. Aikande akasema, "Mwalimu, bawa ni jino kubwa tu. Nipe hilo la kulia nilichukue alama."

Akalichovya kwenye ute wa kuchukulia alama za meno, akamimina, akafungua, akaja nalo barazani amelifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Tukalitazama. Zuri, laini, la rangi ya ufizi. Mwalimu akalisogeza upande wa kushoto. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Aikande, mwanangu," akasema polepole, "hili nalo ni la kulia."

Ukiligeuza likae kushoto, magurudumu yanatazama mbinguni. Fundi alikuwa amefanya kama afanyavyo kwa meno: ulichoking'ata ndicho utakachopewa. Nikasema, kwa kusaidia, kwamba ndege ya mabawa mawili ya kulia itakuwa ya kwanza duniani kupigana vita kwa kuzunguka. Aikande akaniambia nichunge, jino langu la tatu linalegea.

Akaenda akaanza upya. Alisimamisha kioo cha kujitazamia kando ya bawa la kulia, akachonga nta akifuata kilichomo kiooni, kiduchu kwa kiduchu, macho yakamwaga machozi. Safari hii alipoleta, lilikaa. Likakaa kama limezaliwa pale.

Je, sasa ikawa ndege? Bado. Ilikuwa ya kijivu upande huu, ufizi upande ule. Ilifanana na kicheko cha babu.

Akaja wa tatu, Zena Msangi, mpambaji wa maharusi. Alikuwa na kile kipulizio chembamba wanachopakia nyuso za maharusi wa siku hizi. Akaipuliza kijani na udongo juu, mabaka kwa mabaka, na tumbo akalipa rangi ya anga. Ilimeremeta. Sote tukapiga makofi, isipokuwa Mwalimu.

"Zena, ndege ya vita haiendi harusini. Hii imetoka kupigana."

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuficha makovu."

"Basi leo yaoneshe."

Zena akanuna, kisha akafungua begi lake. Akachukua wanja akausugua pembeni mwa injini, ukawa masizi ya moshi yanayorudi nyuma. Akachukua poda ya kahawia akaipaka kwenye matairi, ikawa tope. Akakwangua rangi pale rubani anapokanyaga akipanda. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni. Nawaambieni, ilinuka petroli.

Sasa ilikuwa ndege.

Wakati huohuo zikaja habari. Kwenye kiwanja kidogo cha ndege pale mjini kutakuwa na tamasha, na ndege za mfano zitashindanishwa. Hakimu ni Kapteni Tusekile, mwanamke anayerusha ndege ya zamani ya viti viwili, rubani mbele, mgeni nyuma. Mshindi atapandishwa kile kiti cha nyuma, azungushwe hadi mlimani, akione kilele cha Kibo kwa karibu. Kiti ni kimoja.

Zena hakungoja. "Mwalimu, tukishinda, kiti chako."

"Na mimi nasema amina," akasema Aikande.

Mwalimu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Hiyo ilikuwa ahadi. Mimi ni shahidi, na ugali tuliokuwa tunaula ni shahidi wa pili.

Siku ikafika. Meza zimepangwa, spika zinapiga kelele, watoto wanakimbia na maputo, na mimi nimevaa tai. Kapteni Tusekile ameanza meza ya kwanza, nasi tuko ya mwisho. Kilichobaki kwenye Harikeni yetu ni kifuniko cha kioo tu, kile kinachomfunika rubani.

Nisikilizeni hapa. Kila muunda vindege anajua kwamba kioo hakibandikwi kwa supaglu. Supaglu hutoa mvuke, na mvuke ule ukigusa plastiki angavu huganda ukawa ukungu mweupe usiotoka. Kioo kinataka gundi nyeupe ya maseremala, na subira. Aliyetufundisha hayo ni Mwalimu mwenyewe. Lakini Mwalimu alimwona Kapteni akisogea, akaona gundi nyeupe haikauki, na subira ikamwishia. Akachukua supaglu.

Kioo kikapata mtoto wa jicho mbele yetu. Kiti, mikanda, zile saa za punje ya mtama, vyote vikazama katika maziwa.

Aikande akasema, "Mwalimu, kaa pale. Mikono mfukoni."

Akaking'oa kile kioo kwa sindano yake ya kazini. Akakijaza jasi ya meno ile inayokauka upesi. Akaninyang'anya chupa ya maji niliyokuwa nakunywa, akaimwaga, akakata ubavu wake, akakimbia kwa muuza chipsi. "Kaka, nipishe moto." Akaishikilia plastiki juu ya makaa hadi ikalegea kama kamasi, akaivuta juu ya ile jasi kwa nguvu moja. Kikatoka kioo kipya, kiangavu kama umande. Zena akakipokea, akakikata kwa mkasi wa nyusi, akakichora fremu zake huku mimi nikimzuia Kapteni kwa hotuba. Nilizungumzia umuhimu wa hotuba. Nilizomewa, lakini muda ulipatikana.

Kapteni akafika. Akainama. Akaizunguka Harikeni, akachungulia kiooni.

"Nimesimama kwa sababu ya moshi huu," akasema. "Nimeona masizi nikajua huyu ameruka. Nimechungulia ndani, nikaona mikanda, nikataka kukaa. Na bawa hili la kushoto ni zito kidogo. Hili halikutoka kiwandani. Nani amefanya hivi?" Akanyooka. "Mmeshinda. Nani anapanda? Mawingu yanashuka, tuondoke sasa."

Mwalimu alikwisha kuvaa kofia. Aikande akamzibia njia.

"Mwalimu, samahani. Mimi niliahidi kiti kwa aliyeijenga, si kwa aliyeibomoa. Bawa ni langu. Kioo ni changu. Bila mimi, Kapteni angechungulia angeona maziwa. Nimetazama vinywani mwa watu tangu ujana wangu, nataka siku moja nitazame nje."

"Nilipokosea nilikuwa naijenga, mwanangu," akasema Mwalimu. "Asiyejenga hakosei. Kiwiliwili ni changu, mikanda ni yangu, na bila hivyo bawa lako ungelibandika wapi? Na ahadi haikuwa na masharti."

Zena alikuwa amekwisha vua viatu vya visigino. "Kapteni amesimama kwa kitu gani? Moshi. Angepita meza hii kama alivyopita zile nyingine. Kila Jumamosi nawapamba watu wanaokwenda fungate kwa ndege, mimi nabaki na brashi. Nilipoahidi nilidhani hatutashinda. Mwalimu, nisamehe, huo ndio ukweli."

Mwalimu akageuka kwangu. Nikataka kusema kwamba na mimi nina haki kidogo, maana bila ujinga wangu gulioni pasingehitajika bawa. Walinitazama wote watatu. Nikarekebisha tai.

"Mwenyekiti," Kapteni akaita kutoka kwenye ndege yake, tayari amepanda, "mtu wako mmoja."

Pangaboi likaanza kuzunguka. Nyasi zikalala. Kofia ya Mwalimu ikaruka na hakuigeukia. Watatu wale wakanyoosha mikono kwangu kwa pamoja: mkono wenye makovu ya gundi, mkono wenye vumbi la jasi, mkono wenye wanja kwenye kucha.

Basi niambieni, ninyi mliokaa hapo na akili zenu nzima. Mimi ninao mkono mmoja wa kumpandishia mtu, na ndege haingoji. Je, ningeushika mkono wa nani?