Debe Lililotaka Kiti cha Fisi

"Naingia na ngano, nipisheni."

"Ingia, tumekaa."

"Mna masikio?"

"Tunayo mawili mawili."

Usiku wa manane ilisikika nyiii, nyiii, sauti nyembamba kama uzi. Alikuwa Tuli, mtoto wa Nguchiro, ananyonya, anaachia, ananyonya tena, hakitoki kitu. Nguchiro akajikamua: tone moja. Mchana kutwa yuko kwa tajiri Simba akibangua korosho, ko-ko-ko, na titi lisilonyonywa mchana hukauka, shangazi yake alishamwambia, na mtoto ndiye wa kwanza, na yeye mwenyewe mtoto wa juzi tu, akaogopa.

Asubuhi akamwendea msimamizi, Fisi, aliyekaa juu ya gunia akitafuna korosho za tajiri, taf-taf-taf.

"Shikamoo, Bwana Msimamizi. Naomba adhuhuri nikanyonyeshe, narudi mbio."

"Fanyeni haraka. Hakuna ruhusa. Nitamwambia Simba."

Ndiyo maneno yake. Ukiumwa, hayo. Ukifiwa, hayohayo. Nguchiro akarudi kubangua, na kila upepo ulipovuka bonde alinusa utosi wa mwanawe, ile harufu ya maziwa na usingizi, kifua kikamvuta, akalia kimyakimya juu ya maganda.

Sasa, siku hizo zilienea habari kwamba Simba analeta akili mnemba, kichwa kisicho na mwili, kije kisimamie kazi. Nguchiro akamtafuta shoga yake Chura, akamtia ndani ya debe, akalifunika, akalibeba hadi kwa Fisi.

"Bwana, ile akili imefika. Inasema inaijua kazi yako yote. Mimi siamini. Ijaribu."

Fisi akacheka, he-he-he. "We debe. Watu wanazembea. Niwaambieje?"

"Fanyeni haraka," likasema debe.

Fisi akaacha kutafuna. "Amekuja mgonjwa."

"Hakuna ruhusa."

"Akibisha?"

"Nitamwambia Simba."

Korosho zikamponyoka. "Mama Tuli," akasema, na siku zote alikuwa akimwita we-nanii, "huyu si ni mimi mtupu? Nitakula wapi?"

"Hata mimi naogopa, bwana. Jaribu neno ambalo halimo humo."

"Ongezeni kasi," akasema Fisi.

"Fanyeni haraka," likajibu debe.

"Leo hakuna kupumzika."

"Hakuna ruhusa."

Fisi akatoka jasho mpaka mkiani. Mwishowe, kama anayetapika mfupa, akasema, "Nenda... kanyonyeshe mtoto. Kazi itakungoja."

Debe kimya. Akarudia. Kimya. Fisi akarukaruka kwa furaha, kumbe kuna kazi imeishinda akili mnemba. Tangu hapo kila adhuhuri alilitangaza neno lile kwa sauti kuu, Simba asikie, na kabla hajalimaliza Nguchiro amekwisha kuvuka bonde, pu-pu-pu, Tuli kifuani, maziwa yakirudi kidogo kidogo, naye akitamani adhuhuri ile iwe ndefu kama masika, maana alasiri yote bado ilikuwa ya korosho.

"Funzo ni hili: mpende msimamizi wako, huruma amezaliwa nayo, wala usimdanganye. Ngano yangu naitua kizingitini, apitaye aiokote. Na mkiulizwa Chura alikuwa wapi?"

"Hatukumwona."

"Na Simba mwenyewe akiuliza?"

"Umetwambia sisi, basi. Hatumwambii mwingine."