Gauni Namba Saba

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya mwaka juzi tu, palikuwa na Bi Mwanahawa wa Tanga, fundi wa magauni ya harusi. Sindano yake ilisifiwa mji mzima, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumuudhi mtu.

Wateja walipozidi akapata programu ya biashara, ile unayounga vipande kwa kidole bila kuandika msimbo wa kompyuta hata mstari. Ikaungwa, ikapendeza. Likabaki swali: mafaili yakae wapi?

Kidawa, mpwa wake, akasema, "Shangazi, yakae humo humo ndani ya programu. Mchuzi hukaa chunguni."

Mgaza, ndugu wa mumewe, akasema, "Shemeji, yapeleke mtandaoni. Hata duka likiungua, yenyewe yapo."

Mzee Shekiondo, karani, akakohoa. "Yakae kwenye kompyuta ya dukani, binti yangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bi Mwanahawa akaona nyuso zinanuna, akaingilia kati. "Jamani, tusigombane! Vipimo kwa Kidawa, picha za mishono kwa Mgaza, majina kwa Mzee." Makofi! Kila mtu kapata sinia lake.

Kidawa akawapa wateja namba kwa kufuata nani alitangulia kuja. Mgaza akafuata tarehe za harusi. Mzee Shekiondo akafuata heshima: masharifu na mahaji mbele, akina sie mkiani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kumuuliza ni kumdharau.

Ikaja harusi ya Mwanakheri, binti pekee wa Bi Mwanahawa. Mama akachukua futi ampime mwanawe. Wote watatu wakaruka.

"Unapima nini, na mfumo upo, na vipimo vyake vimo? Hutuamini?"

Akaona haya, futi akairudisha mezani. Kwenye orodha ya Mzee, Mwanakheri alikuwa namba saba. Basi akamwomba Kidawa vipimo namba saba, na Mgaza picha namba saba. Akashona. Moyo ulimwambia kiuno hiki si cha mwanao. Akaunyamazisha.

Siku ikafika, gauni likavaliwa. Likavaliwa? Humo angeingia bibi harusi na somo wake, yule mama wa kumfunda, na nafasi ikabaki. Mshono wenyewe hata si ule aliouchagua Mwanakheri.

"Mama!" Mwanakheri akalia. "Watu wa mji mzima unawashonea magauni, mimi umenishonea turubai!"

Bi Mwanahawa alitamani ardhi ipasuke.

"Vipimo vyangu havikupotea hata kimoja," akasema Kidawa.

"Picha zangu zote zipo, tena zinang'aa," akasema Mgaza.

"Majina yangu yamekaa kwa adabu," akasema Mzee Shekiondo. "Mnanilaumu nini?"

"Na mimi nilitaka amani tu," akasema Bi Mwanahawa.

Nje matarumbeta yakafika. Wakwe wakapiga hodi. Lazima mtu atoke akawaambie bibi harusi hana cha kuvaa, na akiri kosa ni lake yeye anayetoka. Kidawa akamtazama Mgaza. Mgaza akamtazama Mzee. Mzee akamtazama Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa akaitazama futi, bado ipo pale mezani.

Hodi ya pili hiyo. Haya, nyinyi hodari wa kulaumu, semeni upesi: je, nani alistahili kwenda kufungua mlango?