Jogoo Asiye na Miguu

Chombo kizuri hununuliwa kila asubuhi. Mmeisikia leo kwa fundi wa milango, mlipomwuliza bei ya randa yake naye akawajibu hivyo na kuendelea na kazi, mkaja kwangu mbio kuuliza kama mzee wa watu ana akili timamu. Anazo. Tena neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe hakulipata bure. Kaeni basi, na wewe uliyeshika simu iweke chini. Methali hii ilianza hivi.

Milimani Usambara, enzi za majumbe, palikuwa na wapasua mbao wawili, Hoza na Singano. Siku hizo mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine akaingia shimoni, na kati yao ukapita msumeno mrefu wenye mpini juu na mpini chini. Wa juu huongoza, akifuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye makaa. Wa chini huvuta, na unga wote wa mbao humwagikia kichwani. Hoza alikuwa wa juu, Singano wa chini. Walifanya kazi hivyo miaka tisa, na kila aliyenunua mbao zao alimsifu Hoza, kwa kuwa ndiye aliyeonekana.

Mwaka wa kumi Singano alishuka Korogwe, akakaa siku tatu, akarudi na msumeno wake mwenyewe. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi iliyolowa mafuta, una chapa ya jogoo karibu na mpini, na bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Singano alikuwa amejinyima misimu miwili kwa ajili yake. Akamwambia Hoza kwa adabu kwamba angependa kuchimba shimo lake ng'ambo ya bonde, afanye kazi na mdogo wake.

Hoza akacheka mpaka watu wakatoka majumbani kutazama.

"Nenda, mwenzangu," akasema. "Chuma ni chuma. Jogoo wako asipowika, rudi, shimo lako utalikuta."

Jogoo akawika. Mbao za Singano zilitoka zimenyooka, laini, huna haja ya kuzipiga randa mara mbili. Wanunuzi waliopanda na ile njia wakaanza kupita mbele ya shimo la Hoza bila kusimama, wakimwachia salamu tu. Hoza alikuwa ameuchukua ule msumeno wa zamani na kumwajiri mtu wa chini, Mavoa, mwenye nguvu za fahali, lakini msumeno ulikwaruza na mbao zikatoka na mawimbi. Akasema umezeeka, na tangu mwanzo ulikuwa wa bei rahisi.

Mashimo yale yalitazamana, na sauti ya msumeno huvuka bonde bila kuombwa. Hoza aliposimama juu ya gogo lake aliusikia wa Singano ukienda na kurudi taratibu, kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Akawa anahesabu. Yeye akivuta mara mia, ng'ambo wamevuta sitini na ubao umeanguka. Chakula kikamshinda.

"Baba Ngoda, ugali unapoa," mkewe Sikitu alimwambia.

"Unamsikia?"

"Nani?"

"Singano. Anafanya makusudi."

"Anapasua mbao."

"Anapasua ili nisikie," Hoza akasema, akasukuma sahani.

Miaka mitatu alikula wivu, asubuhi na jioni. Wivu, wajukuu zangu, si kwamba hauoni. Unaona sana, ila unaona kitu kimoja tu. Hoza aliona jogoo. Hakuona mtu aliyeushika msumeno, wala mdogo mtu aliyekuwa shimoni na macho yamejaa unga. Akilala anamwona jogoo, akiamka anamwona jogoo, na moyoni alikuwa na hakika kwamba kilichomtenga na heshima yake ni kile kipande cha chuma chenye chapa.

Jambo moja tu lilimfariji. Kila alfajiri, jua halijafika bondeni, ng'ambo ilisikika tupa ikinoa meno ya msumeno, kriii, kriii. Sauti ile aliijua. Walipokuwa pamoja, kila alipofika shimoni alimkuta Singano ametangulia na tupa mkononi, na hakuwahi kumwuliza kwa nini. Kwa Hoza tupa ilikuwa dawa, na dawa hupewa mgonjwa.

"Msumeno wa bei ya ng'ombe," alimwambia Sikitu, "na kila siku uko hospitali!" Akageukia ukutani akalala tena, roho imetulia kidogo.

Basi mwaka huo mto ukachukua daraja. Akina mama wakawa hawawezi kuvusha mboga kwenda sokoni, vikapu vikaoza upande huu. Jumbe akawaita wapasua mbao wote wawili akawagawia kazi nusu kwa nusu, mbao ziwe tayari kabla ya masika. Akasema mbele ya watu kwamba atakayechelewa, fungu lake atapewa mwenzake, na mwenzake huyo ndiye atakayepasua pia mbao za baraza jipya. Hoza alielewa. Akishindwa hapo, hakuna mtu atakayempelekea gogo tena maishani, na watoto watakula nini.

Kesho yake akamfungua ng'ombe zizini. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Sikitu, alipewa na baba yake alipomzaa Ngoda.

"Utanirudishia?" Sikitu akauliza, amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Nitakurudishia wawili."

Akashuka Korogwe na ng'ombe, akarudi na jogoo. Chapa ile ile, duka lile lile, karatasi ile ile ya mafuta. Usiku aliufunga msumeno kwa kanga ya mkewe akautundika juu ya kitanda, na Sikitu akalala chini ya meno ya chuma. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa arusi. Msumeno ulizama katika mti wa mkulo utadhani ni muhogo mbichi, na Hoza kila akimaliza ubao alinyamaza kidogo, ili Singano asikie kwamba umekwisha.

Wiki ya nne ukapunguza mwendo. Wiki ya tano ukaanza kukwaruza. Mavoa akatoa kichwa shimoni, mweupe kwa unga hadi kope.

"Kaka Hoza, tuupige tupa."

"Toa mkono wako hapo! Unajua tupa inafanya nini? Inakula chuma. Kila punje inayodondoka ni ng'ombe wangu. Leo utanilia ukwato, kesho mkia, mwisho nibaki nimeshika kamba."

"Lakini haukati."

"Wa Singano ndio mgonjwa. Wangu mzima."

Mavoa akarudi shimoni. Alivuta siku nane zaidi, bega likavimba, na siku ya tisa hakuja. Masika yalibakiza wiki mbili. Fungu la Hoza lilikuwa halijafika hata nusu, na zile chache alizopasua zilipinda zikawa kama zimekunywa pombe. Ng'ambo ya bonde msumeno ulikwenda na kurudi, taratibu.

Hapo Hoza akapata jibu, na jibu lenyewe lilitoka pale pale yalikotoka majibu yake yote. Majogoo ni wawili. Kuna jogoo wa kweli na kuna jogoo wa kudanganyia watu, na Singano amekwenda kwa mganga au amefanya njama, akapata yule wa kweli. Akautungua msumeno, akautia begani na kanga yake, akalivuka bonde mchana kweupe.

Singano alikuwa amekaa peke yake pembeni mwa shimo, anakula kiazi.

"Karibu, mwenzangu. Keti."

"Sikuja kuketi. Sema kweli, Singano. Ulimpa nini mwenye duka?"

"Nilimpa alichotaka, nusura nife njaa. Kwani wewe ulimpa nini?"

"Nilimpa ng'ombe wa mke wangu!" Hoza akapaza sauti, na machozi yalikuwa karibu. "Nimenunua kama wako, haukati kama wako. Tubadilishane sasa hivi, wewe kata na wangu, mimi nikate na wako, tuone mchawi ni nani."

Singano aliweka kiazi chini, akafuta mikono, akaifungua kanga. Akaulaza msumeno wa Hoza juu ya gogo, kisha akaulaza wake ubavuni, mpini kwa mpini.

Hoza akainama kutafuta tofauti ya chapa. Jogoo walikuwa ndugu, kilemba kwa kilemba, mkia kwa mkia. Ila wa Singano hakuwa na miguu. Meno ya msumeno wake yalikuwa yamepanda mpaka tumboni mwa jogoo, na upana wa chuma ulikuwa umepungua kwa vidole vitatu vizima. Kando ya ule wa Hoza ulionekana kama mtu aliyekonda kwa homa.

"Wako ana miguu," Singano akasema. "Umeupiga tupa lini?"

"Sijaupiga hata mara moja. Ni mzima kama nilivyoutoa dukani."

"Ndiyo maana haukati."

Akakishika kidole gumba cha Hoza akakiweka juu ya meno ya msumeno wake. Ngozi ikanasa. Akakihamishia kwenye ule mwingine, kikateleza mpaka mwisho bila kudhurika.

"Lakini ni wa ghali," Hoza akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya kuuliza. "Wa ghali si ndio usiotaka kunolewa? Sasa tulilipia nini?"

"Ule wetu wa zamani unaukumbuka? Niliunoa alfajiri, kufika saa nne umekufa. Wewe ukikaa kivulini kunywa uji, mimi nanoa. Adhuhuri nanoa tena. Huu nikiunoa alfajiri unafika jioni. Nililipia hicho tu, chuma kinachokaa na makali. Makali yenyewe hawauzi. Dukani niliununua mara moja, Hoza. Hapa naununua kila asubuhi."

Hoza akaiona miaka tisa yote, alfajiri kwa alfajiri, yeye akifika ameshiba usingizi, anapanda juu ya gogo, anaushika msumeno ambao mtu ameshaulipia siku hiyo. Sifa zile alizopewa na wanunuzi alizipokea zote. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na hata hapo, Mungu amsamehe, alimwonea Singano wivu kwa kuwa yeye ndiye aliyejua.

Singano akamnyoshea tupa.

"Ninolee wewe," Hoza akasema. "Wewe ndiye fundi."

"Nimekunolea miaka tisa. Leo noa mwenyewe."

Akaishika. Punje za kwanza za chuma zilipodondoka, Singano alimsikia akinong'ona, "Ukwato." Akamrekebisha kwa kidole, laza hivi, inua, jino moja ruka moja. Jua lilikuwa limeinama walipomaliza. Wakasogeza gogo wao wawili, maana mdogo wake Singano alikuwa amekwenda ukweni siku hiyo, wakapiga uzi wa makaa. Singano akageuka kuingia shimoni kama desturi yake, akakuta Hoza ameshatangulia kushuka.

Walipasua ubao mmoja tu jioni ile. Unga ulimwagikia Hoza puani na mdomoni, akakohoa, akavuta. Ubao ulipoanguka ulikuwa umenyooka kama ule uzi wenyewe.

Mavoa alirudi bega lilipopona, na fungu la Hoza likakamilika siku mbili kabla ya mvua. Akina mama walivuka na vikapu vyao. Mbao za baraza jumbe aliwapa wote wawili.

Sikitu alisimuliwa habari hiyo. "Baba Ngoda," akasema, "na yule ng'ombe ulidhani baba alinipa na maziwa yake yote siku moja? Nilimkamua kila asubuhi, wewe umelala." Kisha akaenda mtoni akawaambia wenzake, na wanawake wa mtoni ndio walioifanya methali.

Msidhani wivu ulimtoka Hoza. Ulihamia kwenye tupa. Kuanzia hapo zilisikika tupa mbili bondeni kila alfajiri, na Hoza aliamka mapema zaidi na zaidi ili yake ianze kusikika kabla ya ile ya ng'ambo. Majirani walilalamika kwa jumbe. Haikusaidia.

Mwaka wa nne alirudi nyumbani anavuta mtamba kwa mkono mmoja, na kwa wa pili ameubeba msumeno. Mtamba alimfunga zizini, kisha akaufunua msumeno mbele ya mkewe, amwonyeshe. Jogoo wake naye hakuwa na miguu.

Sikitu akapitisha kidole pale miguu ilipokuwa.

"Sasa umeununua," akasema.

Basi kesho mkipita kwa fundi wa milango, msimwulize tena randa yake ni bei gani. Mwulizeni anaamka saa ngapi. Chombo kizuri hununuliwa kila asubuhi.